Krimu ya kijani mbele ya maji ya Tanga

Kuna bidhaa ambazo sifa zake hufika mjini kabla ya zenyewe, na krimu ya kunyolea ya Proraso, ile ya tyubu ya kijani, ni mojawapo. Hapa Tanga haijazoeleka kwenye rafu za maduka. Anayeitaka huiagiza, au huletewa na ndugu aliyeko Ulaya, na hadi inapofika mkononi imeshatanguliwa na maneno: povu lake zito, inapoza, wembe unateleza, vipele vinaisha. Povu na ubaridi ni kweli. Kuteleza kwa wembe ni kweli kwa masharti. Hilo la vipele si kazi ya krimu hiyo wala ya krimu nyingine yoyote ya kunyolea, na bahati mbaya ndilo linalowafanya wanaume wengi wa huku watoe pesa zao.

Kwanza kilichomo ndani. Kampuni inayoitengeneza ilianzishwa na Ludovico Martelli mjini Florence, Italia, mwaka 1908, na jina la Proraso lilikuja mwaka 1948 na krimu ya kupaka kabla ya kunyoa. Vinyozi wa Italia ndio walioibeba, na sifa ya tyubu ya leo imejengwa juu ya mikono yao. Ukisoma viambato vya krimu ya kijani utakuta maji, asidi ya stiariki, mafuta ya nazi, glisirini, potasiamu haidroksaidi, mafuta ya mkaratusi na mentholi. Kwa lugha nyepesi, hiyo ni sabuni laini. Potasiamu ndiyo inayoifanya ibaki ya kukamulika badala ya kugeuka mche. Asidi ya stiariki hutoa povu la vipovu vidogo vilivyoshikana, lisilopasuka upesi. Nazi hutoa povu la haraka. Glisirini hushika unyevu usipotee. Mikaratusi imejaa Lushoto na minazi imejaa Pangani, kwa hiyo mtu wa Tanga hana sababu ya kuduwaa mbele ya orodha hiyo. Kinacholipiwa ni uwiano, na uwiano huo, tusiwadhulumu, umepatikana vizuri.

Ila uwiano huo ulipangwa kwa mtu mwenye brashi. Hapa ndipo wengi wanapoikosea na kuisingizia. Wanakamua mstari mrefu kama dawa ya mswaki, wanajipaka usoni kwa viganja, na wanapata utando mweupe unaofanana na losheni. Utando huo haujashika maji, na kinacholainisha ndevu ni maji. Sabuni ni chombo tu cha kuyashikiza hapo yakae.

Ikitumiwa inavyopaswa inakwenda hivi. Osha uso kwa sabuni ya kawaida kuondoa jasho na mafuta, kisha acha ndevu zilowe kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu. Kuoga kwanza kunatosha. Lowesha brashi, ikung'ute hadi isidondoshe maji. Kamua krimu kiasi cha punje moja ya korosho iliyobanguliwa, yaani kama gramu moja na nusu, weka kwenye bakuli dogo na uzungushe brashi. Ongeza maji kwa matone, si kwa kumwaga. Kwa kiasi hicho cha krimu utafika vijiko viwili vya chai, pengine vitatu. Baada ya dakika moja povu litang'aa na kusimama kama mtindi uliopigwa. Likiwa jeupe lisilong'aa, linavutika kama unga wa maandazi, bado lina kiu. Likiwa na vipovu vikubwa na linateremka shingoni, maji yamezidi, ongeza krimu kidogo. Paka kwa kuzungusha ili ndevu zisimame, malizia kwa kupiga brashi juu na chini kama mtu anayepaka rangi ukuta, na nyoa papo hapo.

Papo hapo, kwa sababu saluni nyingi za Ngamiani, na nyumba nyingi pia, zina feni inayozunguka juu ya kichwa. Povu likipigwa na feni hukauka kuanzia juu na wembe huanza kukwaruza. Wakosoaji wanaosema krimu hii inakauka upesi hawasemi uongo, ila wangezima feni au wangeongeza nusu kijiko cha maji mwanzoni.

Sasa maji yenyewe. Hili ndilo jambo ambalo Mtaliano hakulazimika kumwambia mteja wa Tanga, na hakuna aliyemwambia. Maji ya bomba ya jiji hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki, na kwa kawaida hayasumbui sabuni. Visima ni habari nyingine. Ukanda huu wa pwani una mawe ya chokaa na matumbawe, na mapango ya Amboni yenyewe ni kazi ya maji yaliyokula chokaa. Maji yanayokaa ndani ya mawe hayo hutoka yamebeba kalsiamu, na karibu na bahari huongezeka chumvi. Kalsiamu ikikutana na sabuni ya stiariki huigandisha: sabuni inaacha kuwa sabuni, inakuwa chembechembe nyeupe zisizoyeyuka, ndugu wa ule utando unaoachwa kwenye beseni la kufulia. Nazi iliyomo hujikakamua na kukupa vipovu kiasi, ndiyo maana mtumiaji hudhani amefanikiwa. Lakini povu hilo halina mwili, na chembe zile hubaki zimegandia ndevu na kuziba nafasi kati ya makali ya wembe.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita iliyo safi, tia maji robo yake, tia krimu kiasi cha punje ya choroko, funga, tikisa mara ishirini, iache dakika tano. Povu likisimama na maji ya chini yakabaki meupe kidogo kwa usawa, maji yako yanafaa. Povu likitoweka na ukaona kama maziwa yaliyokatika, usilaumu krimu. Maji ambayo huacha ukoko mweupe ndani ya birika hupungua ugumu yakichemshwa, yakaachwa yatulie na kumiminwa ya juu. Chumvi haiondoki kwa njia hiyo. Maji ya mvua ya masika au vuli yaliyokingwa kwenye ndoo safi ndiyo bora kuliko yote, na kwa kunyoa unahitaji nusu lita tu. Anayetegemea kisima na hataki usumbufu huu, heri anunue krimu isiyotoa povu, ile ya kupaka kwa kidole. Haina umaarufu, lakini haihitaji maji mengi kufanya kazi.

Kuhusu ubaridi, mashabiki na wakosoaji wote wana haki. Mentholi haipunguzi joto la ngozi hata kidogo. Inaamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, basi ubongo unapokea habari ya baridi ambayo haipo. Mwezi wa Februari, jasho linatiririka saa mbili asubuhi, habari hiyo ya uongo ni tamu kuliko kweli nyingi. Lakini mentholi hiyohiyo hufunika maumivu madogo, na maumivu madogo ndiyo yanayokuambia kwamba unakandamiza wembe au kwamba umepita mahali pamoja mara nyingi. Mtu anamaliza akiwa na raha, dakika kumi baadaye shingo inawaka. Akiongeza spiriti juu yake, kama ilivyo desturi ya saluni nyingi, ngozi inapigwa mara mbili. Shabu iliyoloweshwa kwa maji baridi, ikapitishwa taratibu na kusuuzwa baada ya nusu dakika, inatosha. Nayo ina faida ya ziada: pale inapochonyota ndipo wembe ulipokosea. Kwa ngozi inayokataa mentholi au mkaratusi, kampuni ina tyubu nyeupe yenye chai ya kijani na shayiri, na nyekundu yenye sandali na mafuta ya shea kwa ndevu ngumu. Ya kijani ndiyo yenye jina, si lazima iwe ndiyo yako.

Tuje kwenye vipele, ambako maneno ya mtaani yamezidi. Ndevu za kipilipili hutoka kwenye vitundu vilivyopinda. Unywele ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake iliyochongoka hutoboa ukuta wa kitundu kabla haijafika nje. Na hata ikifika nje, hujikunja na kuchoma ngozi tena hatua fupi mbele. Mwili huuchukulia unywele huo kama mwiba: uvimbe, usaha kidogo, kisha doa jeusi. Krimu ina msaada wake hapo, kwa kuwa ndevu zilizolowa vizuri hukatika kwa nguvu ndogo na ncha yake haiwi kali sana. Msaada unaishia hapo.

Tena kuna kinyume ambacho wanaoisifu hawakisemi. Krimu inayoteleza vizuri humshawishi mtu kurudia: mara ya kwanza kufuata zinakolalia ndevu, mara ya pili kinyume, mara ya tatu anavuta ngozi ya shingo kwa vidole ili apate ule ulaini wa kioo. Kwa ndevu zilizonyooka hiyo ndiyo fahari ya kinyozi. Kwa ndevu zilizojikunja huko ndiko kupanda vipele kwa mkono. Wembe wa makali matatu au matano huzidisha, kwa sababu kali la mbele huvuta unywele juu na la nyuma hukata, kisha kilichobaki hurudi ndani. Kwa hiyo ubora wenyewe wa krimu, ukiwa mikononi mwa mtu asiyejua pa kukomea, unaweza kumharibia shingo kuliko sabuni duni ambayo ingemlazimu akome mapema.

Mwenye ndevu hizo anapita mara moja tu, kwa kali moja, kufuata zinakolalia, bila kuvuta ngozi, akisuuza wembe kila baada ya mpito mfupi. Kabla ya siku ya kwanza apapase shingo kwa vidole, maana ndevu za chini ya taya mara nyingi hulalia ubavuni au juu, si chini kama za shavuni. Mwenye vipele tayari asinyoe kabisa kwa wiki nne hivi hadi nywele zilizozama zichomoze, kisha atumie mashine inayobakiza kama milimita moja. Mashine hiyo haihitaji Proraso.

Saluni wana hesabu yao. Brashi moja inayopita nyuso kumi kwa siku ni njia ya kuhamisha fangasi na bakteria, na penye mchubuko kuna hofu ya homa ya ini. Hali kadhalika kopo la wazi ambalo brashi huchovywa na kurudishwa. Kinyozi anayebadilisha wembe kwa kila mteja halafu akatumia brashi ileile amefunga mlango na kuacha dirisha. Ama awe na brashi kadhaa za nyuzi za plastiki anazoziosha kwa sabuni, kuziloweka kwenye dawa ya kuua vijidudu na kuzikausha, ama apake kwa mkono wenye glavu mpya. Akichagua mkono, amepoteza karibu nusu ya kinachoipa krimu hii thamani, na hapo povu la kopo la kubonyeza linamfaa zaidi: ni jepesi, limejaa hewa, halilainishi sana, lakini linatoka safi kwa kila mteja. Kopo lenyewe lisiwekwe juu ya sinki, maana kwa hewa yetu ya chumvi kitako huota kutu upesi na kuacha duara lisilofutika.

Kwa matumizi ya nyumbani, bei haitishi kama inavyoonekana dukani. Tyubu ya mililita 150, kwa gramu moja na nusu kila mara, hukupa kunyoa karibu mara mia. Anayenyoa kila baada ya siku tatu ana miezi kumi mkononi. Anayekamua kama dawa ya mswaki, gramu nne au tano, haioni hata thelathini na nane, na huyo ndiye utakayemsikia akilalamika kwamba Waitaliano ni wezi. Tyubu iwekwe mbali na dirisha linalopigwa na jua na isiachwe garini, kwani joto hulegeza krimu na ukifungua inamwagika zaidi ya unavyotaka.

Basi kwa mtu wa Chumbageni mwenye maji ya bomba, brashi yake mwenyewe na ndevu zisizomsumbua, sifa za tyubu hii ni za haki na pesa yake haitapotea. Kwa anayeitafuta kama dawa ya shingo iliyojaa vipele, hiyo fedha angeipeleka kwenye mashine ndogo ya kunyolea, na akibakiwa na chenji, kipande cha shabu.