Mteremko wa ukingo usikadiriwe kwa macho
Makala moja imesema njia za waenda kwa miguu hapa Mbeya mjini zinahitaji miteremko ya kupitisha viti mwendo kwenye kingo, na ni kweli. Ila kipimo ndicho kila kitu. Ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa mita 1.8, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila 1 ya kimo. Ukimwaga zege la mteremko wenye urefu wa nusu mita tu, kiti mwendo kinapanda kikielekea kupinduka nyuma. Chini pasibaki kidato. Sentimita 2 tu zinatosha kunasa magurudumu madogo ya mbele. Na mifuniko ya mitaro jamani! Nondo zikatize njia, zisiifuate, mianya isizidi milimita 13. Kwa mvua zetu, tundu la maji likae upande ambako maji ya barabara yanatokea, kabla hayajafika kwenye mteremko, la sivyo tope litajaa palepale.