Tusiwaite Wote Wadudu

"Mdudu! Mjomba, mdudu!" Mpwa wangu alipiga ukelele huo saa tano za usiku, pua kaibandika kwenye kioo cha tangi langu la samaki wa baharini. Nilipofika nilikuta kipande cha urefu wa kidole tu, rangi ya waridi iliyofifia, na ubavuni vinyweleo vyeupe vimesimama kama vya brashi. Mara nacho kikavutwa ndani ya jiwe.

Neno hilo ndilo linalonikera. Kwetu Mombasa kila kiumbe cha baharini kisichokuwa samaki, kisicholiwa wala kuuzwa, ni mdudu. Na mdudu haulizwi jina, hutafutiwa dawa. Nami kesho yake nilikwenda kuitafuta. Muuzaji mmoja wa vifaa vya samaki akanipa chupa, akanambia matone 20 yatosha kusafisha tangi zima. Sikusoma kilichoandikwa mgongoni mwa chupa. Ilikuwa dawa ya shaba.

Shaba hutibu baadhi ya magonjwa ya samaki, lakini kamba, konokono na matumbawe haiwabakishi. Asubuhi nilikuta konokono wameanguka mchangani, nyayo zao zimelegea nje ya magamba. Kamba wangu wawili wa kusafisha samaki walikuwa wamelala ubavu. Na ile minyoo, ndiyo yule "mdudu" niliyedhani ni mmoja, ilining'inia kutoka kila kishimo. Niliacha kuhesabu nilipopita 60. Iliyofia ndani ya mawe sikuweza kuitoa. Ikaoza humo, amonia, sumu itokanayo na uozo, ikapanda, na kufika jioni samaki watatu kati ya wanne walikuwa wamekufa. Ilibidi nianze upya kwa mawe mapya, kwa sababu shaba hunywewa na jiwe la chokaa ikakaa humo.

Sasa najua kuwa minyoo ile ilikuwa ikinifanyia kazi. Minyoo mingi ya jamii hiyo yenye vinyweleo hula mabaki ya chakula, kinyesi na mizoga midogo iliyonasa mahali ambapo mkono wangu haufiki. Ikiwa mingi, tatizo si minyoo. Unalisha kupita kiasi, ndiyo inazaana. Ninachotahadharisha ni kuishika kwa mkono mtupu. Yuko mmoja, Eurythoe complanata, ambaye vinyweleo vyake hukatikia kwenye ngozi vikawasha kama moto. Vikikuingia, usisugue, bandika utepe wa gundi, uubandue, vitoke navyo.

Watu huona jiwe la mwamba wakadhani ni jiwe. Limejaa mapango, na kila pango lina mwenyewe aliyekuja nalo. Mchana hawaonekani. Zima taa, ungoje muda wa kama saa mbili hivi, kisha funika tochi ya simu kwa karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, ile inayopenyeza mwanga. Wengi wao mwanga mwekundu hawauoni vizuri, kwa hiyo hawakimbii. Usiku wa kwanza nilipofanya hivyo niliona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa cherehani, zimetandazwa juu ya mchanga zikikokota punje moja moja kuelekea shimoni. Ni mikono ya mnyoo ambaye mwili wake sijauona hadi leo. Kwenye nyufa kulikuwa na vikono vyenye miiba midogo vikipunga: ndugu wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, mwili wote hauzidi punje ya dengu. Na juu ya kioo walijaa viroboto-maji wadogo sana, chakula kizuri cha samaki, ambao kuna watu huwapangusa kwa kitambaa wakidhani ni uchafu.

Sisemi kila mgeni aachwe. Kuna anemoni mdogo wa kahawia, Aiptasia, anayefanana na ua, ambaye huchoma matumbawe yaliyo jirani naye. Huyo nikimwona simpi siku mbili. Lakini hata kumwondoa kwahitaji kumjua: ukimkwangua, kila kipande kitakachobaki huota kikawa anemoni mwingine. Mimi huzima pampu, nikamjaza mdomoni chokaa iliyokorogwa kama uji mzito, kwa bomba la sindano, mmoja mmoja. Konokono wa umbo la pia naye, mwenye gamba zuri la marumaru, usimwokote kabisa kwa mkono, uwe kwenye tangi au ufukweni. Baadhi yao sumu yao huua mtu. Na huko Newquay, Uingereza, mwaka 2009, wahudumu wa akwariamu moja ya maonyesho walichoka kuona matumbawe yao yamekatwakatwa usiku. Walipoyavunja mawe yote walimkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja.

Ninachokataa ni kuhukumu kwa sura. Kaa ndiye anayeonewa zaidi. Ni kweli kaa wa mawe mwenye manyoya na ncha nyeusi za magando simwamini. Lakini kwenye matawi ya matumbawe huishi kaa wadogo, laini, wanaong'aa, wa jenasi ya Trapezia. Mtu akiwaona hukimbilia koleo. Kaa hawa hula ute wa tumbawe, na kwa malipo hulilinda, hata dhidi ya kile kiti cha pweza chenye miiba kinachokula matumbawe. Watafiti waliwaondoa kwenye baadhi ya matumbawe huko Moorea, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: mengi ya yaliyoachwa bila kaa yalikufa kabla ya mwezi kwisha, yakifunikwa na vumbi la mchanga. Yaliyobaki na kaa wake yote yalikuwa hai. Mwenye koleo alikuwa anamtoa bawabu.

Nani basi wa kuuliza? Tuna Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya pale Mkomani tangu 1979, na tuna hifadhi ya bahari ya taifa mbele ya Nyali na Bamburi. Hata hivyo mtoto wa Mombasa atakutajia simba, twiga na kifaru aliowaona kitabuni, ila wa chini ya jiwe, maji yakipwa, hamjui. Hili naliona ni kosa letu wazazi na walimu. Na tuna wazee wavuvi, ambao tunanunua samaki kwao tu bila kuwauliza kitu.

Mawe yangu mapya yalipotimiza miezi minne, tangi lilianza kugonga. Tak. Kimya. Tak-tak. Mpwa wangu akasema ni kioo kinapasuka. Niliposoma niliona washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni kamba mwenye gando moja kubwa, ambaye hulifunga kwa kasi hadi kiputo kikatokea majini na kupasuka kwa mlio. Huyo hana neno. Wa pili ni mwingine wa jamii ya kamba na kaa, yule aliyekunja mikono kama vunjajungu. Hao nao wako wachoma mkuki, wanaokaa mchangani, na wapiga ngumi, wanaokaa kwenye mawe. Mpiga ngumi mkubwa wa rangi za tausi amepimwa akirusha pigo kwa kasi ya hadi mita 23 kwa sekunde. Lakini yupi kati yao alikuwa kwangu?

Nilimweleza ami mmoja wa Likoni, mvuvi wa pweza. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Wewe watizama tundu. Tizama mlangoni, mwanangu. Pweza mimi namjua kwa taka zake, hula ndani akatupa nje. Hayo magamba yako yamevundika au ni mazima?"

Nilirudi nikalala kifudifudi mbele ya kioo na tochi yangu nyekundu. Chini ya jiwe la kushoto palikuwa na tundu la mviringo, safi, kama lililotobolewa kwa keekee, na mbele yake vigae vya konokono, vyote vimevunjwa kingo. Kamba mwenye gando moja havunji hivyo. Baada ya dakika 40 yakatokea macho mawili juu ya vijiti, moja likinitazama mimi, jingine likitazama upande wa pili.

Sikumtilia dawa. Nilikata chupa ya maji shingoni, nikaigeuza shingo ikaingia ndani, nikaweka kipande cha pweza. Ni dema hasa, lile lile la babu zetu, mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Usiku wa tatu aliingia: kijani kibichi, urefu wa kidole cha kati. Baharini sikumrudisha, kwa kuwa ameshakaa maji mamoja na viumbe vya kutoka kwingine na huenda angebeba ugonjwa. Ana tangi lake la lita 20 karibu na dirisha la jikoni, na jiwe lake lile lile.

Ijumaa mpwa wangu humletea kome. Hugonga mara tano, sita, kisha kimya. Asubuhi vigae viko mlangoni, na mtoto huviokota kwa koleo kimoja kimoja, akivihesabu.