Udzungwa haina barabara, na iachwe hivyo hivyo

Kila nikiwaambia watu nimetoka Udzungwa, swali la kwanza ni lile lile: "Umeona simba?" Nikisema sikuona, nyuso zinasinyaa, wananihurumia kwa hela niliyotumia. Tumezoea kwamba kwenda hifadhini ni kupanda gari lenye paa la kufunguka, kula vumbi na kuchungulia wanyama kwa mbali. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara za kuzungushia watalii. Unaingia kwa miguu na unatoka kwa miguu. Kwangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote iliyo nayo, na nalitetea leo kabla hajatokea mtu wa kutaka kuipasulia njia ya magari ili "wafike wengi".

Kwa asiyepajua: ukitoka Dar es Salaam unapita Morogoro, unakata mbuga ya Mikumi, kisha Mikumi mjini unaacha barabara kuu ya Iringa na kushika kushoto kuelekea Ifakara. Ukishavuka Kidatu, mkono wa kushoto ni mashamba ya miwa hadi macho yachoke, na wa kulia ni mlima umesimama wima, kijani kutoka chini hadi mawinguni. Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, na treni ya TAZARA nayo ina stesheni hapo. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,990. Msitu wake unaanzia kwenye mita kama 250 tu juu ya bahari, unapanda bila kukatika hadi kupita mita 2,000, na kilele cha juu kabisa, Luhombero, kinafika mita 2,579. Misitu mingi ya milimani Afrika Mashariki imekatwa sehemu ya chini, ikabaki kofia tu huko juu. Huu una kofia, kanzu na viatu.

Wageni wengi huenda maporomoko ya Sanje. Wanapanda asubuhi, wanaoga kwenye maji baridi, wanapiga picha, na kufikia saa tisa wako chini wanatafuta chipsi. Sina neno baya juu ya Sanje. Maji yanaanguka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu, na ukisimama juu unaliona bonde lote la Kilombero limetandikwa chini yako kama jamvi. Lakini msitu huu saa nne hazitoshi kuujua. Inabidi ulale ndani yake.

Mimi na wenzangu watatu tulishika njia ya Mwanihana. Ni kilomita 38, siku tatu, usiku mara mbili. Huruhusiwi kwenda peke yako: unatembea na askari mwenye bunduki, kwa sababu mlimani kuna tembo na nyati. Nilidhani tembo ni mnyama wa tambarare, mpaka nilipokuta kinyesi chake kwenye mteremko ambao mimi niliupanda kwa kushika mizizi. Siku ya kwanza nilikimbilia kufika. Askari wetu, mzee mtulivu, akaniita: "Dada, hapa hatuwahi kitu. Ukiharakisha utaona visigino vya mwenzako tu." Nikapunguza mwendo. Ndipo nikaanza kuusikia msitu: mbawa za hondohondo zikivuma juu ya vichwa vyetu kabla hatujamwona ndege mwenyewe, mbega wakivunja vijiti, na maji ambayo huyaoni lakini hayanyamazi.

Usiku ndio sijapata maneno yake. Giza liliingia ghafla, majani yakaanza kudondosha umande kwenye hema kana kwamba mvua inanyesha, na mahali fulani juu ya mti perere akaanza kulia. Anayemsikia kwa mara ya kwanza hawezi kuamini kwamba sauti ile inatoka kwa mnyama anayelingana na sungura. Inaanza taratibu, inapanda, inakuwa ukelele wa mtu aliyevamiwa. Mwenzangu mmoja aliketi kitako hadi alfajiri. Mimi nililia kidogo, na si kwa woga. Nilikuwa nimefikisha miaka yangu yote hii nikiwa Mtanzania na sikuwa nimewahi kulala mahali ambapo hakuna taa wala injini hata moja.

Kuna habari moja ya huku inayonipa moyo kila nikiikumbuka. Mwaka 1979 watafiti wawili walikuwa wakitembea katika msitu wa Mwanihana wakasikia mlio wa nyani wasiyemtarajia sehemu hizi. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakushangaa. Akawaambia huyo ni ng'olaga, kisha akawapeleka kijijini Sanje alikokuwa akifugwa mmoja, yatima. Sayansi ilikuwa haimjui. Watu wa Sanje walikuwa na jina lake tayari. Leo dunia inamwita kwa jina la kijiji chao, na hapatikani popote nje ya milima hii. Ndiyo maana nasema elimu ya msitu huu imo kwenye miguu ya wanaoupita, na gari halingemfikisha mtu kwa ng'olaga.

Sasa yanayoniumiza. La kwanza ni spika. Tulipokuwa tukishuka tulikutana na kundi la vijana wakipanda kwenda maporomokoni huku muziki unavuma kutoka kwenye begi. Ndugu zangu, nawaomba. Mbega wanaondoka, hondohondo wanaondoka, na aliye nyuma yenu, aliyejinyima miezi ili aje, anabaki na wimbo ambao angeusikia kwenye daladala. La pili ni vifaa. Hema tuliloazima lilikosa nguzo moja na tukalitegemeza kwa fimbo. Kununua hema zuri, mfuko wa kulalia na godoro jembamba ni gharama inayowafukuza Watanzania kabla hata hawajafikiria kiingilio. Pakiwa na mahema imara ya kukodi kwa shilingi zinazofikika pale pale getini, Mwanihana itapata wenyeji wake.

Na wenyeji ninawataja kwa makusudi. Wanavijiji wa pembeni walikuwa wakiruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni, na ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Sababu naielewa, msitu ulikuwa unachakaa. Lakini mtoto wa Mang'ula anayeutazama mlima kutoka uwanja wa shule kila siku, mama yake akiwa amefungiwa mlango, ataupenda kwa lipi? Apandishwe. Alale huko usiku mmoja na darasa lake, amsikie perere, aonyeshwe ng'olaga na watu wa kwao. Mgeni anayelala siku tatu anahitaji mpagazi, mpishi, mchele, nyanya, mahali pa kukaa kabla na baada. Mgeni wa saa nne ananunua maji ya chupa.

Atakayetaka barabara atasema wazee na wagonjwa nao wana haki ya kuuona mlima. Ni kweli, na njia fupi za karibu na geti zitengenezwe vizuri kwa ajili yao, ziwekwe madaraja na mabenchi. Juu pabaki pa miguu.

Nitarudi mwezi wa nane, maana Juni hadi Oktoba njia haziko utelezi sana. Safari hii naenda na binti wa dada yangu, ana miaka kumi na sita, ameshaanza kupanda ngazi za ghorofa yao kila jioni akiwa na begi la mchanga mgongoni.