Msiwape wasichana besi

Bado shule za wasichana, hata hapa Tabora, zinaimbishwa nyimbo za sauti nne (ya kwanza na ya pili za wanawake, tena na besi za wanaume, besi ikiwa ya chini kabisa) zilizopangwa kwa kwaya ya kanisani, na wenye sauti nzito wanapelekwa besi. Naipinga desturi hii.

Msichana wa kidato cha pili huimba kwa raha kuanzia A iliyo chini ya C ya kati ya kinanda hadi D au E ya juu. Ukimshusha zaidi, anabana koo, kidevu kinazama kifuani, nota haitoki. Akiipandisha besi oktavi moja (kutoka do hadi do inayofuata), mara nyingi anawapita wa sauti ya pili na mpangilio wote unapinduka.

Mwalimu, andika upya kwa sauti tatu. Kufuta besi peke yake hakutoshi. Chukua mahali ambapo ya kwanza ina so, ya pili re, sauti ya tena so, na besi ti. Ukitoa besi, ti imepotea, na mji uliolea bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz una masikio: pengo hilo litasikika. Wape sauti ya tatu hiyo ti, oktavi moja juu, badala ya so iliyokuwa ya sauti ya tena. Kisha pitia wimbo mzima, hasa miishio, uone kila kodi (nota zinazoimbwa pamoja) ya do ina mi yake na kila kodi ya so ina ti.

Ufunguo nao, yaani nota ya kinanda inayokuwa do, usikisiwe. Kama sauti ya kwanza inatembea kati ya so ya chini na so ya juu, do iwe G. Ukianzia C, so ya chini inaangukia G chini ya C ya kati: ya kwanza wanafifia, ya tatu hawasikiki kabisa. Gonga kinanda, au tumia programu ya simu.

Kwa waimbaji 30 ningepanga 10, 9 na 11. Wengi wawe ya tatu, maana huko chini sauti za wasichana hazina nguvu.

Sauti yenye hewa hewa kwa wa kidato cha kwanza na cha pili ni ya umri. Nyuzi za sauti bado hazifungi vizuri kwa nyuma, na kumfokea apaze kunamwachia ukwaruzo tu. Anzeni na dakika tano za kuvumisha midomo ikiwa imefungwa, kutoka so kushuka do, ndipo mpande. Kiangazi, vumbi likishaanza, maji yawe karibu.

Na mpime kila mmoja upya muhula unapoanza. Aliyekuwa sauti ya tatu Januari anaweza kuwa ya pili Julai, na ni haki yake kuhamishwa.