Tabasamu Mmetuagiza, Rosta Je?

Wiki iliyopita sisi wauguzi tuliitwa semina ya "huduma kwa mteja". Mnajua semina hizi huja lini. Kipande cha video kikishazunguka WhatsApp, muuguzi anaonekana akimjibu ndugu wa mgonjwa kwa ukali, uongozi unashtuka, na Jumatatu asubuhi projekta imeshawashwa. Safari hii mwezeshaji alikuja na jipya. Ilitokea picha ya Jean Watson, yule mama wa Colorado mwenye nadharia ya kujali katika uuguzi, na chini yake mambo kumi ya kujali aliyoyaandika mwaka 1979, yametafsiriwa kwa Kiswahili cha haraka haraka. Tukaambiwa tuyashike. Tumsikilize mgonjwa, tumheshimu, tuwe naye kwa moyo wote. Na tutabasamu.

Yule dada wa kwenye video alikaa nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyemtaja na hakuna aliyeacha kumtazama. Jambo ambalo halikuwa kwenye slaidi hata moja ni kwamba siku ile alifanya zamu ya asubuhi, akarudi usiku, na usiku huo mwenzake alipiga simu kusema mtoto wake anaumwa, hatafika. Dada akamwandikia msimamizi kuomba mtu wa kumsaidia. Jibu: "Jitahidi hapo hapo." Wodi nzima, mtu mmoja. Aliyeandika jibu hilo alikuwa mstari wa mbele siku ya semina, daftari mkononi, ananakili mambo kumi ya Watson.

Basi ndiyo maana naandika. Nimechoka kuona kujali kunateremshwa ngazi kama maji machafu: kutoka wizarani kwenda kwa Mganga Mfawidhi, kwa metroni (mkuu wa wauguzi), kwa inchaji (msimamizi) wa wodi, mpaka kumfikia muuguzi wa zamu, na yeye peke yake ndiye anayetakiwa kuwa nako. Waliokaa juu wanakuagiza kwa wengine.

Wala nadharia ya kujali haikuandikwa hivyo. Watson ana lugha yake ya mawinguni, nakiri. Chuoni ilinichosha, na mpaka leo akianza kuzungumzia roho na ulimwengu mimi natafuta ukurasa unaofuata. Lakini wapo walioichukua fikra hiyo wakaiingiza ofisini. Marilyn Ray, muuguzi mtafiti, alikwenda hospitali moja huko Marekani akawauliza watu wa idara mbalimbali kujali ni nini. Jibu likabadilika kila alipobadilisha mlango. Kwenye wagonjwa mahututi kujali kulikuwa na sura ya mashine. Kwa watawala kulikuwa na sura ya bajeti na sheria. Mwaka 1989 akachapisha nadharia yake ya kujali ndani ya urasimu, na hoja yake kwa lugha ya wodini ni kwamba fomu ya manunuzi, kanuni ya likizo na mgawo wa fedha ni sehemu ya uuguzi. Kiongozi hawezi kusema "mimi niko kwenye utawala, kujali kuko wodini". Utawala ndiyo wodi yake. Wagonjwa wake ni sisi.

Sasa tuzungumze rosta, ile ratiba ya zamu, maana huko ndiko ninakotaka kukaa.

Kama unataka kujua kiongozi wa uuguzi anajali au hajali, usimsikilize kwenye hotuba. Nenda kwenye ule ubao wa kizibo karibu na meza ya wauguzi, usome karatasi iliyobandikwa pale. Ile karatasi ndiyo inaamua nani atawalaza watoto wake na nani atawalaza kwa simu. Inaamua nani atakwenda kwenye arobaini ya mama yake, nani atasubiri daladala saa tatu usiku baada ya kukabidhi zamu ya jioni, nani atasoma masomo ya kujiendeleza na nani atayaacha. Kiongozi huitengeneza kwa saa moja, mara nyingi kwa kunakili ya mwezi uliopita, na sisi tunaiishi mwezi mzima.

Halafu kuna rosta za adhabu. Msijifanye hamzijui. Umehoji kwenye kikao kwa nini glovu zinaisha tarehe kumi na tano, mwezi unaofuata unajikuta na usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, zote. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna aliyekugombeza. Ni visanduku tu vyenye herufi. Na mwenzako anayempelekea inchaji maandazi asubuhi yuko kwenye huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa vijijini, yenye posho, kwa mwezi wa tatu mfululizo. Ukiuliza unaambiwa "rosta imeshasainiwa". Kama vile imeshuka kutoka mbinguni.

Mwenzetu mmoja alipoteza mtoto, mimba kubwa, miezi minane. Aliporudi kazini alikuta amepangwa leba. Leba! Wiki ya kwanza! Metroni alipoulizwa alijibu, na nadhani kweli aliamini alichosema, kwamba kazi itamsahaulisha. Dada yule alizalisha akina mama wa watu kwa wiki mbili, akisikia kilio cha kwanza cha kila kichanga, kabla hajaomba uhamisho wa kwenda kituo cha afya kijijini, mbali na mume wake.

Nalitaja hili kwa sababu maalumu. Kristen Swanson, mwingine katika hawa wa nadharia za kujali, alianza kazi yake kwa kuwasikiliza wanawake ambao mimba zao zimeharibika. Nadharia aliyoitoa 1991 ina mambo matano, na la kwanza kushika mkononi ni kumjua mtu: kuacha kudhani unafahamu tukio lina maana gani kwake, na kumuuliza. Kisha kuwa naye, kumfanyia asichoweza, kumwezesha, na kutokata tamaa juu yake. Tunaifundisha kwa wanafunzi wa ukunga, wanaijibu kwenye mtihani na wanapata alama nzuri. Halafu mkunga mwenyewe anapofiwa na mtoto, hakuna hata mmoja katika ofisi ile aliyefungua mdomo kumuuliza: "Dada, ungependa tukuweke wapi kwa sasa?" Swali lisilohitaji bajeti, kibali cha Utumishi wala semina.

Niliwahi kufanya kazi wilayani chini ya mama mmoja ambaye hakuwahi kumtaja Watson mbele yetu hata mara moja. Alikuwa na daftari la kawaida, la mistari, limefungwa kwa kamba kwenye meza ya wauguzi. Ukiwa na jambo lako mwezi ujao, harusi, mtihani, kliniki ya mtoto, unaandika. Akikunyima alikuita na kukueleza sababu, na usiku wa sikukuu aliugawa kwa zamu, jina lake likiwemo. Ndiyo, Muuguzi Mfawidhi alilala wodini usiku wa Krismasi. Mchana wake tulimkuta amefumba macho kwenye kiti cha plastiki, viatu kavua, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Wodi yake ilikuwa na upungufu uleule wa watu tulionao wote. Malalamiko ya lugha mbaya? Yalikuwepo, sitadanganya. Lakini hayakuwa ya kila wiki, na yakitokea alianza kwa kumuuliza muuguzi amekula saa ngapi.

Kuhusu kula, hapo tumeshatoka kwenye nadharia tumeingia kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya saa nzima. Inasema mjamzito asifanyishwe kazi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Najua, najua, kuna kifungu kinachoruhusu mtu afanye kazi wakati wa mapumziko kama kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mwangalizi. Kifungu hicho viongozi wetu wamekihifadhi kichwani kuliko Baba Yetu. Kile kilichotangulia ndicho hawakukisoma. Mtu unayemnyima alichopewa na sheria, unapata wapi uso wa kumhubiria mambo kumi ya kujali?

Watawala wengi hawaguswi na simulizi, wanataka takwimu. Haya. Mwaka 2002 Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi, na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani: kwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuchoka kabisa kazi ukapanda kwa asilimia 23. Pennsylvania si Singida, hilo ni kweli. Kule walikuwa wanahesabu wagonjwa wanne mpaka wanane kwa muuguzi, na mimi nikipata wanane nitafanya sherehe. Lakini nani atabisha kwamba mwelekeo ni uleule? Anayepanga watu ndiye anayeshika uhai wa mgonjwa kabla sisi hatujavaa glovu.

Florence Nightingale aliliona hili mapema, na ndiyo maana inaniudhi tunavyomfanya malaika wa taa. Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi, tunawasha mishumaa, tunarudia kiapo, tunakata keki iliyochangiwa na sisi wenyewe. Yule mama alikuwa mtawala na mtu wa takwimu. Katika kitabu chake cha 1859 ana sura nzima juu ya uendeshaji wa mambo madogo madogo, na anachosema ni kwamba uuguzi wote mzuri unaweza kuharibika ukikosa kitu kimoja: kujua kupanga ili linalofanyika ukiwepo lifanyike pia usipokuwepo. Huyo angeingia kwenye wodi zetu, angeacha taa mlangoni akaomba rosta na leja ya stoo.

Haya, upande wa pili. Wapo wauguzi wenye mdomo, na hata ungewapa mgonjwa mmoja, kitanda cha kupumzikia na chai ya maziwa wangemtukana. Hao wachukuliwe hatua, sina wakili wa kuwatetea. Na metroni hana uwezo wa kuajiri. Vibali vinatoka juu, na watu wakipangiwa, wengine hawaripoti. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya uuguzi mwaka 2020 lilisema dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9, sehemu kubwa kwenye nchi kama zetu. Kwa hiyo sitamlaumu kiongozi kwa kukosa watu.

Ninamlaumu kwa jinsi anavyowatumia alionao. Uchache wa watu haukumlazimisha kuwapanga kwa chuki. Haukumlazimisha kujibu "jitahidi hapo hapo" badala ya kuvaa sare na kuja, au angalau kupiga simu kwa daktari wa zamu aseme wodi hii leo ina mtu mmoja, msilaze wasiohitaji kulazwa.

Barua ya kujieleza nayo. Kwetu ndiyo salamu ya kwanza kutoka ofisini: muuguzi anayekosea dawa anaandikiwa barua kabla ya kuulizwa alikuwa na wagonjwa wangapi, na matokeo yake makosa yanafichwa mpaka yanapokuwa maiti.

Tathmini ya utendaji: tulitoka kwenye fomu za OPRAS tukaenda kwenye mfumo wa kompyuta wa PEPMIS, na bado hakuna pa kujaza jinsi bosi wako alivyokutunza.

Na vyeo. Tunampa mtu ufawidhi kwa sababu ana digrii, au ana miaka mingi, au anajua kuongea mbele ya mkuu wa mkoa. Kuongoza wauguzi ni ujuzi, unafundishika, na nadharia hizi za kujali zingefaa kuwa somo la kwanza huko, si kwenye semina ya kuwafokea watu wa zamu. Mimi ningeanza na jambo jepesi. Kabla mtu hajapewa ofisi ya wauguzi, zichukuliwe rosta zake za mwaka mzima alipokuwa inchaji. Zihesabiwe: nani alifanya usiku mara ngapi, sikukuu walifanya akina nani, nani alikwenda mkoba, maombi mangapi yalikubaliwa, mjamzito aliwekwa wapi. Kisha waitwe wale waliopangwa, waulizwe bila yeye kuwepo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Najua kuna wafawidhi wanaosoma ukurasa huu, na wengine mtaniandikia inbox kwamba nachafua kada. Karibuni. Ila mkija, njooni na rosta zenu za mwezi huu, tuzisome pamoja.