Sanduku la Agano lilionekana lini kwa mara ya mwisho?

Kila baada ya muda huzuka mtu na ramani mpya ya Sanduku la Agano, kasha takatifu la Waisraeli wa kale lililohifadhi mbao za mawe za Amri Kumi. Mmoja anaapa liko chini ya Mlima wa Hekalu huko Yerusalemu, mwingine anasema ni pango la Mlima Nebo huko Yordani, mwingine anataja Aksum, Ethiopia. Karibu wote wanaruka hatua ambayo mpelelezi yeyote wa mali iliyopotea huanza nayo: kitu kilionekana lini mara ya mwisho, na nani alikishuhudia? Ukifuata njia hiyo, jibu linasogea karibu zaidi na moto wa Wababeli kuliko pango lolote.

Kwanza tukijue chenyewe. Kwa mujibu wa Kutoka 25, lilikuwa sanduku la mti wa mshita, urefu dhiraa mbili na nusu, upana na kimo dhiraa moja na nusu. Tukikadiria dhiraa kuwa sentimita 45, tunapata kama sentimita 112 kwa 67 kwa 67. Lilifunikwa dhahabu safi ndani na nje, likawekewa vikuku vinne na miti miwili ya kulibebea, miti ambayo haikuruhusiwa kutolewa. Juu yake kulikaa kiti cha rehema chenye makerubi wawili, na hicho hakikuwa mbao iliyopakwa dhahabu. Kilikuwa dhahabu tupu.

Hapo hesabu inaleta shida ambayo wachoraji huikwepa. Kutoka haitaji unene wa kiti cha rehema. Ukiupa sentimita moja tu, bila makerubi, unapata takriban kilo 146 za dhahabu. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasema ulikuwa upana wa kiganja, ambao ni kama sentimita saba na nusu, na hapo uzito unafika karibu kilo 1,100. Mzigo huo haubebwi na watu wanne jangwani. Kwa hiyo ama kilikuwa bamba jembamba, ama maelezo yanachora utukufu kuliko vipimo vya fundi. Mimi nashika la kwanza, na lina maana kwa swali letu: bamba jembamba hukunjwa, hukatwa na kuyeyushwa katika muda mfupi sana.

Namna ya kulibeba ilikuwa na masharti makali. Hesabu 4 inaagiza makuhani walifunike kwanza kwa pazia, kisha ngozi, kisha nguo ya buluu, ndipo ukoo wa Kohathi ulichukue. Koo nyingine za Walawi zilipewa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Wakohathi walinyimwa kwa makusudi, kwa kuwa kazi yao ilikuwa ya mabegani. Daudi alipolitoa nyumbani kwa Abinadabu akaliweka juu ya gari jipya, ng'ombe walijikwaa, Uza akanyosha mkono kulishika, akafa palepale. Katika safari ya pili lilibebwa kwa miti, mabegani, na likafika.

Sasa tufuate nyayo. Lilikuwa Shilo, likatekwa na Wafilisti, likakaa kwao miezi saba, likarudi kupitia Beth-shemeshi hadi Kiriath-yearimu. Tangu 2017 kikosi cha wataalamu Israel Finkelstein na Thomas Römer kimechimba mahali hapo na kukuta kuta kubwa zilizoshikilia uwanja ulioinuliwa, ambao wao wanauweka katika karne ya 8 KK. Sanduku halikupatikana, wala hawakulitafuta. Kutoka huko likaenda Yerusalemu, na Sulemani akaliingiza katika Patakatifu pa Patakatifu. 1 Wafalme 8 inasisitiza kwamba ndani yake hamkuwa na kitu ila zile mbao mbili za mawe.

Baada ya hapo, kimya kirefu. Farao Shishaki alizoa hazina za Hekalu katika mwaka wa tano wa Rehoboamu. Yoashi wa Israeli naye alipora. Hezekia alibandua dhahabu ya milango ya Hekalu amlipe Senakeribu, mfalme wa Ashuru, mwaka 701 KK. Manase aliweka sanamu ndani ya nyumba ileile. Katika misukosuko yote hiyo Sanduku halitajwi. Linatajwa tena mara moja tu pamoja na tarehe: 2 Mambo ya Nyakati 35:3, mwaka wa 18 wa Yosia, yaani karibu 622 KK, ambapo mfalme anawaagiza Walawi waliweke Sanduku katika nyumba aliyoijenga Sulemani. Agizo hilo linashangaza, kwani kwa nini liwekwe mahali ambapo lilipaswa kuwa tayari? Inawezekana lilikuwa limetolewa siku za Manase. Tena kitabu chenyewe kiliandikwa baada ya uhamisho wa Babeli, kwa hiyo ushahidi huu wa mwisho si wa mtu aliyesimama pale.

Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliingia Yerusalemu, na 2 Wafalme 24:13 inasema vyombo vya dhahabu vya Hekalu vilikatwa vipande. Miaka kumi na moja baadaye Hekalu likachomwa. Wanaoamini Sanduku lilifichwa huegemea hapa: orodha ya nyara katika 2 Wafalme 25 na Yeremia 52 hailitaji, basi lazima liliokolewa. Hoja hii inasikika nzito mpaka ufungue orodha yenyewe. Inataja nguzo za shaba, bahari ya shaba, masufuria, miiko, mabakuli, vyetezo, vinara. Meza ya mikate ya wonyesho haimo. Madhabahu ya dhahabu ya kufukizia uvumba nayo haimo. Mbona hakuna anayefunga safari kwenda kuitafuta ile meza? Orodha isiyokamilika haithibitishi kuokoka kwa kitu chochote.

Hadithi za kufichwa zinakuja baadaye sana. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kilichoandikwa karne nyingi baada ya tukio, kinasema Yeremia alilificha katika pango la mlima aliopanda Musa akaiona nchi ya urithi. Mishna, sehemu ya kale zaidi ya Talmudi, inasimulia juu ya kuhani aliyeona jiwe moja la sakafu likitofautiana na mengine karibu na ghala la kuni, akafa kabla hajamaliza kueleza. Marabi wenyewe hawakukubaliana: Talmudi inaweka pamoja rai kwamba lilipelekwa Babeli na rai kwamba Yosia alilizika. Kwa Waislamu, Sura Al-Baqara aya ya 248 inalitaja kama ishara ya ufalme wa Talut (Sauli wa Biblia), likibebwa na malaika, na haisemi liliishia wapi.

Kwangu mimi ushahidi mzito kuliko wote ni Hekalu la Pili, lile lililojengwa baada ya uhamisho. Lilimalizika karibu 515 KK na kusimama hadi 70 BK, zaidi ya miaka 580. Vyombo vilitengenezwa upya: Wamakabayo, viongozi wa uasi wa Kiyahudi wa karne ya 2 KK, walipolitakasa Hekalu waliweka kinara kipya, meza mpya na madhabahu mpya ya uvumba. Kutengeneza Sanduku jipya hawakuwaza. Katika Siku ya Upatanisho kuhani mkuu aliingia nyuma ya pazia akakuta mwamba ulioinuka vidole vitatu kutoka ardhini. Juu yake aliweka chetezo, kisha akanyunyiza damu mara moja kwenda juu na mara saba kwenda chini, mahali ambapo Sanduku lingekuwa. Pompey, jemadari wa Roma, alipoingia kwa nguvu mwaka 63 KK hakukuta humo sanamu wala sanduku. Josephus, mwanahistoria Myahudi ambaye alikuwa kuhani, anaandika kwamba chumba kile hakikuwa na kitu chochote. Kwa hiyo anayeonyesha Tao la Titus pale Roma kama ushahidi kuwa Warumi walichukua Sanduku anakosea: picha zake ni za kinara, meza na tarumbeta. Watu walioishi karibu kabisa na jambo hili waliendelea na ibada bila Sanduku, wala hawakutengeneza la bandia kujaza nafasi. Ninawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Wachimbaji wa zama zetu hawakuwa na subira hiyo. Kati ya 1899 na 1902 kundi la Waingereza lilikichimbua kilima cha Tara, Ireland, na kuharibu eneo la kale kwa ajili ya Sanduku. Mwingereza Montagu Parker alichimba Yerusalemu kuanzia 1909, na Aprili 1911 watu wake wakahonga walinzi waingie Kubba ya Mwamba usiku. Walifumaniwa, mji ukawaka hasira, nao wakatoroka kwa mashua kutoka Jaffa. Wote hao walisahau hata kujiuliza wangekuta nini. Mbao katika udongo wa Yerusalemu wenye mvua za kila mwaka haidumu. Kasha la mbao la mungu Anubis katika kaburi la Farao Tutankhamun wa Misri lilidumu kwa sababu kaburi lile lilikuwa kavu. Ambacho kingebaki ni mabamba ya dhahabu, vikuku na mawe mawili.

Inabaki Aksum. Kebra Nagast, kitabu cha Ethiopia cha karne ya 14, inasema Menelik wa Kwanza, mwana wa Sulemani na malkia wa Sheba, alilileta Ethiopia, na mlinzi mmoja pekee ndiye anayeruhusiwa kuingia katika kanisa dogo linalolihifadhi. Edward Ullendorff, mtaalamu wa masuala ya Ethiopia, alisema mwaka 1992 kwamba alikuwa ameingia mwaka 1941 akaona sanduku tupu la mbao la zama za kati. Kihistoria, mimi siamini kwamba lililotoka Yerusalemu liko pale. Lakini napinga kabisa shinikizo la kutaka mlango huo ufunguliwe ili chembe ya mbao ipelekwe maabara. Kila kanisa la Kiothodoksi la Ethiopia lina taboti yake, ubao uliowekwa wakfu ambao waumini hawauangalii, na siku ya Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, hutoka ukiwa umefunikwa kwa nguo. Hiyo ni ibada hai, na haihitaji ridhaa ya mwanaakiolojia.

Wanaotaka kufanya jambo la maana kuhusu vitu hivi vitakatifu wana kazi iliyo wazi. Jeshi la Uingereza lilipora taboti Maqdala, Ethiopia, mwaka 1868. Kumi na moja ziko katika jumba la makumbusho la British Museum, zimefichwa ghalani, haziruhusiwi kuonyeshwa wala hata kutazamwa na wafanyakazi. Kanisa moja la Edinburgh lilikuta taboti kabatini likairudisha Ethiopia mwaka 2002, na Westminster Abbey ilikubali kimsingi mwaka 2024 kuirudisha ya kwake. Kinachozuia hizo kumi na moja ni sheria ya mwaka 1963 inayolibana jumba hilo lisitoe vitu vyake, na bunge la Uingereza linaweza kuibadilisha.