Ile siku polisi aliandikia mama mukwe kesi ya kuendesha ovyo

Mi sikutakaka kusimulia hii mambo. Lakini siku ya Mungu yenye imepita tulienda kula ku bantu ba bukwe, nikasikia shemeji yangu eko naisimulia ku bageni asema mi nilisinzia ku volani (usukani), bantu banacheka paka banashika meza, na miye niko pale na bukari mu mukono siwezi kusema kintu, juu bukweni muntu habishanake. Basi acha niandike vile ilikuwa, mwenye anataka kucheka acheke, lakini acheke ile ya kweli.

Ilikuwa mwezi wa kumi, 2023. Mwenye anajua Lubumbashi anajua ule mwezi, mvua haijafika bado, maua ya jakaranda inaanguka mu njia, na jua inapiga paka gudroni inakuwa laini sawa bukari yenye inatoka ku moto. Mama mukwe alikuwa anatoka Likasi, kilometa 120 hivi, anakuja kuona mujukuu wake Gloire. Asubuhi bibi yangu ananiambia, Papa Gloire, uende umutwae Mama ku parkingi ya babisi, uvae shati yenye kola, na usimupeleke mbio, Mama anaogopaka mutuka. Hiyo neno ya mbio muiweke pembeni, itarudia.

Mutuka yangu ni Toyota IST, moja ya zile zenye zilitembeaka ku Japani paka bakazichoka, zikapanda meli paka Dar es Salaam, ndio zikatufikia siye. Volani iko kuume. Sasa ku Kongo tunatembelea kuume ya njia, kwa hiyo miye shofere ninakaa upande wa mufereji, na pale kushoto, katikati ya njia, pale shofere wa kawaida angekaa, njo inakaa pasaje. Shikeni hiyo vizuri juu kesi yote inatoka pale. Tena iko na mashini kidogo, kila nikiwasha mutuka mwanamuke wa Kijapani anasema kintu. Sijue ni nini. Najibuka tu "eyo mama", na miaka 3 tunaishi vile mu amani.

Ku parkingi nikamukuta Mama anakaa juu ya valizi sawa chifu. Bintu yake: mufuko ya karanga, kuku mbili za kufungwa miguu, na bidoni ya lita 5 ya munkoyo. Najua munafikiri ni kuku njo balileta shida. Hapana. Bale kuku balikuwa bantu ba heshima, balikaa kimya kule nyuma paka tukafika nyumbani.

Ni munkoyo. Kwa mwenye haiko mutu wa Katanga: unapika uji mwepesi ya bunga ya mahindi, unatiamo mizizi ya munkoyo, unaacha ilale. Siku ya kwanza ni tamu, batoto banakunywa. Ukiiacha siku mbili tatu mu joto, inaanza kuamuka. Sasa Mama alipikaka siku ya ine ya juma. Na bidoni aliifunga makasi na mikono ya muntu mwenye amelima miaka 40, juu ya kifuniko akaweka sashe, juu ya sashe akazungusha kamba ya mupira ya kinga, asema isimwangike mu njia.

Nikamuambia, Mama, tuiweke nyuma mu kofre? Akasema apana, nyuma kuko joto. Akaiweka mbele, katikati ya miguu yake, pale jua inapita mu kioo na kuichapa mu kichwa.

Na siye tuko na sheria ya bukwe. Mama mukwe humuangaliake mu macho, humuguse, na maneno unapima kama chumvi. Mu IST munakaa karibu kuliko ku misa, basi miye nilikaza shingo, macho mbele tu. Njo maana wakati nilianza kusikia "psss… psss…" kidogo kidogo, sikugeuka. Kwanza nikafikiri ni mupira ya mutuka. Halafu nikafikiri mambo ingine yenye mukwe hana ruhusa ya kufikiri. Nikaongeza radio.

Tumefika mu mujini, pale Place de la Poste, pale kuko sanamu ya Moïse Tshombe, na kuko shimo moja yenye kila shofere wa huku anajua, lakini miye na ile shingo ya bukwe sikuiona. Mutuka ikaruka. Bidoni ikasema PAAA!

Jamani. Kifuniko ikapiga juu, ikarudia ikanipiga mu uso, munkoyo ikatoka sawa bomba ya maji yenye imepasuka, mu macho, mu pua, mu shati yenye kola. Sioni. Mukono ikatafuta yenyewe ile fagio ya kioo, nikaiwasha, inafagia, inafagia, kioo inabaki nyeupe tu, juu munkoyo iko ndani na fagio iko inje. Mutuka ikaenda kushoto, ikaenda kuume, ikakata mbele ya taksi-bisi moja (kile shofere wake alisema sitaandika hapa, Mama angeweza kusoma), ikapanda muzunguko na gurudumu mbili, ikasimama na pua ndani ya mwavuli ya muuza unite ya telefone. Hakuna mwenye aliumia, Mungu asifiwe, juu muuza unite alikuwa ameisha kukimbia zamani.

Maana hamujasahau tuko mu inchi gani. Huku muntu akisikia PAAA haulizake ni nini. Bantu bote balilala chini. Bale bakambisti, benye kubadilisha makuta, bakalala juu ya makuta yao sawa kuku juu ya mayayi. Bamama ba mikate chini. Mu place muzima mwenye alibaki wima ni Tshombe peke yake.

Na polisi wa rulaje, ule wa kuongoza mituka, naye alilala chini. Hapo njo kesi ilizaliwa, musidanganyike. Polisi mwenye amelala mu vumbi na unifome yenye bibi yake amepiga paso asubuhi, mbele ya bantu bote, siku ya posho (ile inatangulia siku ya Mungu), halafu anainuka anakuta ni munkoyo, huyo hawezi kukusamehe. Nilimuona anajipangusa magoti. Anajipangusa pole pole. Nikajua nimekufa.

Akakuja, filimbi mu mudomo, akaenda ku dirisha ya kushoto. Kushoto! Mukono imezoea, shofere anakaaka kushoto, na kioo ni nyeupe haone kintu ndani. Akagonga. Mama akateremusha kioo. Anatoka munkoyo paka mu kope ya macho, kitambaa ya kichwa imefunika jicho moja.

"Mama! Ni kuendesha gani hii?"

Mama hakusikia "kuendesha". Yeye alikuwa na kilio ya munkoyo yake. Akasema, "Ni joto, papa."

"Joto njo inaendeshaka?"

"Joto na mashimo yenu."

Polisi akavuta pua. Ile harufu, mwenye anajua munkoyo ya siku tatu anajua. "Mama, ulikunywa?"

"Niliipika mi mwenyewe."

Eh! Muntu anaungama hata bila kuulizwa. Polisi akatoa karne, kile kitabu ya kuandikia kesi. "Kitambulisho." Mama akaingiza mukono mu kifua, akatoa karte ya elekta, akamupa. Miye upande huu napangusa macho, naita "shefu, shefu, mi njo…", polisi hakuniangalia hata, akasema, "We papa nyamaza. Haya hukusikia? Unaacha bibi yako anaendesha namna hii?"

Bibi yako.

Bantu bangu, kuko maneno muntu hapashwe kusikia akikaa na mama mukwe mu mutuka moja. Nilitaka lami ifunguke inimeze. Mama naye akapiga kelele "BIBI?!" na kuku kule nyuma njo mara moja tu zilijibu.

Akaandika yote. Kuendesha kwa hatari, jina ya Mama, tarehe, saa. Akaweka sinyatire. Halafu akazunguka kuja kunipa karatasi asema nimushikie bibi yangu, akainama ku dirisha yangu, akaona volani. Akaangalia volani. Akaniangalia. Akanyoosha shingo akaangalia kule kwa Mama, hakuna volani. Akarudia ku volani. Na miye kwa woga nikagusa funguo, mwanamuke wa Kijapani akasema neno yake.

"Na huyu ni nani?" polisi akauliza, sauti kidogo.

Nilimuomba apasue ile karatasi aandike ingine, niko tayari aniandike miye. Akakataa, na kusema kweli nilimuelewa: karne iko na namba, ukipasua ukurasa moja mukubwa wako anauliza ilienda wapi, na yeye ataeleza namna gani, asema alilala chini juu ya munkoyo kisha akaandikia pasaje? Akachukua karte roze, karatasi ya mutuka, akaniambia mutaelezana kule ku biro ya polisi kazi moja, siku yenye inafuata siku ya Mungu.

Nyumbani bibi yangu aliangalia shati, akaangalia mama yake, akasema maneno tatu tu: "Nilikuambia usimupeleke mbio." Hakuongeza kintu paka kazi moja.

Kazi moja tukaenda. Mama alivaa pagne yake ya mariaje. Mu biro kuko komanda mwenye miwani, anasoma karatasi bila kuinua kichwa.

"Mama, permi."

"Sinaka."

"Tangu lini?"

"Tangu nilizaliwa."

Komanda akachukua biki. "Basi ni kesi mbili. Kuendesha kwa hatari, na kuendesha bila permi."

Nikasimama nikaeleza. Nikaeleza Japani, nikaeleza Dar es Salaam, kuume, kushoto, munkoyo. Vile nilikuwa naeleza nilijisikia mi mwenyewe naonekana sawa muongo. Komanda asema karatasi inasema Mama, na karatasi haina sababu ya kudanganya. Kisha akasema twende tuone.

Tukatoka mu lupango. Bale bote balikuwa na kesi zao bakaacha banshi bakatufuata, hata mumoja mwenye alikuwa amefungwa bakamuleta naye aone. Komanda anaamuru Mama akae pale alikuwa amekaa ile siku. Ananiambia nimushike mukono apande. Nikasema, shefu, hapana, ni mukwe wangu. Bantu bote bakasema "aaah, kweli, ni mukwe," paka ule wa kufungwa, na polisi mwanamuke njo akamupandisha.

"Mama, kanyaga freni."

Mama akakanyaga.

"Iko?"

"Kuko tapi," Mama akasema. "Na karanga kidogo."

Komanda akaingiza mukono ahakikishe yeye mwenyewe. Ilitoka na munkoyo, karanga tatu, na ba inzi bakaifuata sawa ni chifu wao. Akabaki anaiangalia. Hapo Mama, anakaa mu mutuka sawa mu kiti ya kanisa, akamuuliza pole pole, "Papa, weye unatokaka mugini gani?" Komanda akasema. Mama akapiga makofi. Bunungwe! Bunungwe ni ule utani wa kabila na kabila, munaweza kutukanana paka kesho na hakuna mwenye ana haki ya kukasirika. Basi Mama akaanza. Sitaweza kuandika yote. Ya heshima yenye ninakumbuka ni "Banungwe bangu munajuaka kusoma, lakini volani hamuionake, njo maana babibi benu njo banaendeshaka nyumba." Lupango ilianguka. Komanda alicheka paka akatosha miwani na ule mukono ya munkoyo.

Kesi ya permi akaifuta. Ya kwanza ikabaki, juu karatasi ni karatasi, mi nilipe kama mwenye mutuka. Dola 50, unalipa ku banki, unarudisha bordero, karte roze nikaipata siku ya tatu. Kusafisha mutuka ilikula kupita pale, nimeosha mara 4, na paka leo mwezi wa kumi ikifika nyuki zinaingia.

Lakini kopi ya karatasi balimupa mwenye jina yake. Mama akaikunja akaiweka mu Biblia. Ku Likasi bamama ba kanisa bameisha kuiona bote, banamuita Mama Shofere, na yeye hakatale.

Siku ya kumurudisha Likasi nilitembea 40 kwa saa, bidoni hakuna, nilihakikisha mi mwenyewe. Pale tunatoka mujini filimbi ikalia. Polisi akakuja, bila shaka, kushoto. Sijafungua mudomo, Mama ameisha kuteremusha kioo, ametoa Biblia, amempa karatasi.

"Papa, miye balishaniandikaka."

Polisi akasoma. Akaangalia tarehe. Akaangalia Mama na kitambaa yake, mikono mbili juu ya magoti, hakuna volani mbele yake.

"Mama, ni nani alikufundishaka kuendesha?"

Mama akanionyesha na mudomo.